Baada ya Neno Mwisho

Foleni ya ofisi ya vifurushi ilikuwa imegoma. Foleni ya kwanza ilikuwa ya kupewa mzigo, na hiyo mwanamke mmoja wa gauni la manjano alishaimaliza. Sasa alikuwa kwenye foleni ya pili, ya kutia saini kwamba mzigo amepewa, na karani wa dirisha hilo alikuwa anainua mhuri kana kwamba anainua jiwe la kusagia. Wenzake walishakubali yaishe, wamekalia mizigo yao, wengine wanasinzia. Yeye, mpangaji wa maonyesho wa jumba la sinema, kusinzia hakukujua. Alihamia mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, akaangalia simu, akachungulia mbele, akasukuma boksi lake kwa ncha ya kiatu hata pale ambapo hapakuwa na nafasi ya kusukuma. Gauni lake la manjano lilikuwa halitulii, na kitambaa chake cha kichwani kilishaanza kulegea kwa kugeukageuka.

"Dada, samahani," sauti ilisema nyuma yake. "Mzigo wako unanuka siki."

Aligeuka. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, overoli ya samawati iliyofuliwa mpaka ikapauka, na glavu nyeupe za pamba zinachungulia mfukoni, kama mhudumu wa hoteli kubwa aliyepotea njia akaishia gereji.

"Siki?"

"Siki."

"Kwani wewe mbwa wa polisi, unanusanusa mizigo ya watu?"

"Mimi fundi wa mikanda ya filamu," alijibu bila kuona haya. "Pua ndicho chombo changu cha kwanza. Humo ndani kuna mkanda wa zamani, dada, na mkanda wenyewe unakufa."

Kule kuhamahama kwa miguu kukakoma. Miezi minane aliandika barua, akapiga simu, akabembeleza walinzi na wakutubi, mpaka chuo kimoja kilichokuwa kinasafisha ghala lake kikakubali kumtumia makopo matano yaliyoshika kutu. Halafu mtu asiyemjua anamwambia mgonjwa anakata roho kwenye foleni.

"Unakufaje?"

"Ukizeeka vibaya unatoa harufu hiyo. Baadaye unanywea, unajikunja, mwisho unagandana ukawa tofali. Unauhitaji lini?"

"Siku kumi na tatu."

Fundi alipiga mluzi. Watu wawili waliokuwa wamesinzia wakaamka. "Karakana yangu iko nyuma ya soko la vitambaa, mlango wa kijani. Ulete leo."

"Leo?"

"Kwa ninavyoona hiyo miguu, nilidhani utasema sasa hivi."

Mwanamke akacheka. Hakutaka kucheka, ila kicheko chake kilikuwa cha namna hiyo, kinaanza na kichwa kurudi nyuma kabla mwenyewe hajatoa ruhusa. Fundi alikitazama kicheko kile mpaka karani akagonga dirisha mara mbili kumwita mwenye mzigo.

Jioni ile ile boksi lilikuwa juu ya meza ya fundi. Akafungua daftari la wateja, akaandika aina ya mkanda, idadi ya makopo, na kwenye nafasi ya jina la mteja akaandika, bila kumuuliza: Bi Haraka.

*

Kazi ilianza siku hiyo, na lile jambo lingine nalo likaanza siku hiyo, ingawa wote wawili walijifanya hawalioni.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, meza yenye taa chini ya kioo, na vishikizo viwili vya kuviringishia mkanda kutoka upande huu kwenda ule. Fundi alivaa glavu zake, akaupitisha mkanda vidoleni polepole, na kila alipokuta tundu la pembeni limechanika au kiungo kimeachia, alisimama. Bi Haraka alikuwa anapita kila siku saa saba mchana, eti kuangalia kazi imefika wapi. Alikuwa hakai. Alizunguka meza, akasoma maandishi ya makopo, akafungua dirisha, akalifunga.

"Keti basi," fundi alimwambia. "Unanitia kizunguzungu mpaka nataka kuunga kidole changu."

"Nikikaa nalala."

"Ulale. Mikanda haisemi siri."

"Fundi, wewe unachukua saa nzima kwa mkanda wa dakika mbili!"

"Na wewe ungechukua dakika mbili ukaharibu saa nzima. Haraka haraka haina baraka, Bi Haraka. Hata jina lako linajua."

Ndipo Bi Haraka akamweleza wiki aliyokuwa anaipanga, maana ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi. Filamu saba, siku saba, zote zimeongozwa na wanawake. Ya kwanza bubu, ya zama za babu wa babu, mwongozaji wake alivaa kofia pana kuliko mlango. Kisha ya farasi na bunduki, ya kutisha, ya kuchekesha, ya vita, ya mapenzi. Zimetoka kila pembe ya dunia, na kila mahali wameambiwa kuwa huyo mwanamke alikuwa wa kwanza na pengine wa mwisho.

"Na hii ya siki?"

"Ya Jumapili, ya kufungia. Ni ya upelelezi. Karani wa kike wa stesheni anagundua kwamba treni iliyoandikwa kitabuni imefika, haikufika."

"Mwongozaji ni nani? Hapa mwanzoni limeandikwa jina la mwanamume."

"Mwanamke mmoja wa zamani," Bi Haraka akasema, akaenda kufungua dirisha.

Mwanamke huyo mmoja wa zamani alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu. Lakini siku alipoajiriwa, mwenye jumba la sinema, mtu wa suti ya kijivu na pipi ya mnanaa isiyotoka mdomoni, alimwambia sharti moja tu: "Hapa hatuleti ndugu." Bi Haraka akalibana moyoni, akawa halisemi kwa mtu yeyote, hata kwa mtu ambaye alikuwa tayari anamwekea kikombe chake cha chai mbali na vikombe vya wateja. Huo ulikuwa ukaidi wake, na ukaidi una siku yake ya kudai.

Siku ya tano alimkuta fundi ameinamia kopo la mwisho, ana kioo cha kukuza jichoni, anatabasamu peke yake. Aliposikia mlango, fundi alikurupuka, akatia kitu ndani ya kopo la biskuti, akalibana kifuniko kwa kiganja.

"Unaninyima biskuti?"

"Zimechacha," alisema fundi, na masikio yake yakawa mekundu. Bi Haraka akaona ni haya ya mtu anayependa, akafurahi, akaacha.

*

Wiki ikaanza. Jumatatu watu walicheka na ile filamu bubu kana kwamba imetengenezwa jana. Jumanne, baada ya farasi kufyatuliana risasi kwa saa mbili nzima, mzee mmoja alimkamata Bi Haraka mlangoni. "Kweli hii kaongoza mwanamke?"

"Hapana, mzee. Kaongoza farasi."

Hakuikalia hata filamu moja. Alisimama nyuma, akatoka, akaingia chumba cha projekta, akarudi, akahesabu vichwa. Walinzi walishazoea. Fundi, aliyekuwa anakuja kila jioni na shati lake moja zuri la mistari, alimwekea kiti pembeni mwake, na kila jioni kiti kikabaki kitupu.

Jumatano mchana mwenye jumba alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi ya matangazo ya Jumapili.

"Nimeangalia mwanzo wa huu mkanda wako," alisema, pipi ikihama shavu. "Mwongozaji ameandikwa mwanamume. Aliyekuwa na kampuni."

"Aliandika jina lake tu. Aliyeongoza ni mwanamke."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe anaweza kusema aliumba mwezi. Nipe ushahidi, sio maneno. Bila ushahidi, Jumapili tunarudia ile ya mapenzi. Siwezi kupaka watu matope kaburini kwa sababu ya maneno."

Bi Haraka alifika kwa shangazi yake anahema, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake dirishani, miwani myeusi, redio chini chini. Macho yake yalishaingia ukungu. Watu aliwaona kama vivuli, na rangi kama madoa. Kwa miaka thelathini baada ya ile filamu alipiga chapa barua za watu wengine kwenye ofisi ya bima, maana hakuna aliyempa filamu nyingine. Bi Haraka aliijua picha ile ya dirishani tangu utotoni, kila jioni shangazi alipotoka kazini, na tuseme ukweli, ndiyo iliyokuwa inamkimbiza. Aliogopa kwamba mwanamke akikaa tu chini, imekwisha, hatainuka tena.

"Mbona unapumua kama umeiba?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, wanataka ushahidi kwamba filamu ni yako."

"Hee. Leo?"

"Jumapili! Huna barua? Huna picha? Huna chochote?"

Mama yule akazima redio, jambo ambalo si la kila siku.

"Siku ya mwisho ya kazi," alisema, "mwenye kampuni alitoka kwenda kula. Nikamwambia mpiga picha awashe kamera. Nikashika kile kibao tunachoandikia kwa chaki. Mbele kilikuwa na jina lake, mwongozaji fulani, kama alivyoamuru. Nikakiinua, nikacheka, halafu nikakigeuza. Nyuma nilikuwa nimeandika langu. Majina yote matatu, sikubania. Kipande kile nikakiungia mwisho kabisa, baada ya neno Mwisho, mahali ambapo watu wameshainuka wanatafuta viatu."

Bi Haraka alikaa chini, sakafuni. "Miaka yote hii! Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia kila aliyeniuliza, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Alimpigia fundi kutoka palepale kwenye ngazi, kidole kimoja kwenye sikio la pili.

"Mpenzi." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka, na lilitoka kwa haraka kama mambo yake yote. "Sikiliza. Mkanda wa mwisho. Baada ya neno Mwisho, kulikuwa na kitu?"

Upande wa pili kifuniko cha bati kikalia.

"Fundi?"

"Nipo. Hapana," sauti ikasema. "Hakuna kitu. Mkia wa mkanda tu, mtupu."

"Una hakika?"

"Mkia tu, Bi Haraka."

*

Alimwamini. Mtu aliyetumia saa nzima kwa dakika mbili za mkanda, utaachaje kumwamini? Akajiambia kwamba kipande kile kilikatika zamani, ghalani huko, kikaenda na fagio. Alhamisi akaingia kwenye ile filamu ya kuchekesha akiwa na uso wa matanga, na kwa mara ya kwanza akaketi kwenye kile kiti, kwa uchovu tu.

Ilikuwa ya mama mmoja mwenye kiwanda cha soksi anayejifanya amekufa ili asikie wanawe watasema nini. Watu walikuwa wanagongana mabega. Bi Haraka alicheka mara moja, kichwa nyuma, na kwenye mwanga wa skrini akamwona fundi hatazami filamu, anamtazama yeye.

"Filamu iko kule," alimnong'oneza.

"Ile nitaiona hata kesho."

"Mwongo wewe."

Neno la mzaha tu, lakini fundi alishtuka nalo. Akakunja glavu zake mapajani, akazikunjua. "Nikikuuliza jambo, utakaa mpaka nilimalize?"

"Inategemea urefu wake."

"Si refu. Ni kwamba mimi na wewe..."

Simu ikatetemeka mkobani. Chumba cha projekta: taa inafifia, njoo. Bi Haraka akainuka nusu. "Dakika mbili, Fundi. Usiende." Dakika zile zikawa thelathini, na aliporudi watu walikuwa wanatoka, na fundi amekwenda. Juu ya kiti ameacha maganda ya karanga yaliyopangwa umbo la kiatu cha kukimbilia. Akacheka peke yake, lakini moyo haukutulia.

Ijumaa asubuhi makopo matano yaliletwa jumba la sinema, safi, yana lebo. Hata kama hayatapigwa Jumapili, aliona shangazi yake ana haki ya kuyagusa. Akabeba lile la mwisho, akapanda ngazi nne.

Shangazi aliupokea mkanda kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Akatafuta ncha ya nje, akaipapasa kwa kidole gumba, akairudia, kisha akaipeleka mdomoni na kuigusa kwa ulimi. Uso wake ukabadilika.

"Mkanda uliokatika wenyewe huchanika," alisema. "Hata ukikatwa zamani, ncha huzeeka pamoja na mwili. Hii imenyooka na ina makali. Huu umekatwa juzi, tena kwa kisu cha fundi."

"Shangazi, huwezi kujua."

"Nimekata mikanda kabla mama yako hajaota meno. Mtu wako amekata." Akaurudisha. "La kuvunda halina ubani, mwanangu. Usimtafutie visingizio."

Kwenye ngazi zilezile, kidole kilekile sikioni. Safari hii hakusema mpenzi.

"Umekata."

"Bi Haraka..."

"Nimekuuliza wazi ukanijibu mkia. Huo mkia uliokata ndio ushahidi wenyewe! Nani kakutuma? Watoto wa yule mwenye kampuni? Walikufuata lini, kabla au baada ya kuninusa foleni?"

"Hakuna aliyenituma. Nisikilize kwanza. Ushahidi wa nini? Mwanamke yule..."

"Mwanamke yule ni shangazi yangu!" Sauti ilishuka ghorofa zote nne. "Amepiga chapa barua za watu miaka thelathini kwa sababu ya watu wenye mikasi kama wewe. Usinipigie tena."

Akakata. Fundi akapiga mara kumi na moja; hakupokea. Akaandika, hakusoma. Jioni watu walitoka kwenye filamu ya vita wameloa machozi, na yeye alikuwa nje anatembea kutoka mlango mpaka nguzo ya taa, nguzo mpaka mlango. Kilichomuuma zaidi ya shangazi, na aliona aibu kukiri, ni kwamba alikuwa ameshaanza kumzoea mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, walimwambia, na yeye akajibu nguo ni nzuri.

Jumamosi fundi hakupiga tena. Hilo nalo likamkasirisha.

*

Jumapili saa sita mchana tangazo la mlangoni lilikuwa limeshabadilishwa: ile ya mapenzi, kwa mara ya pili. Bi Haraka alikuwa juu ya ngazi ya mbao anapigilia pini ya mwisho alipoona overoli ya samawati inakatiza barabara. Fundi hakuwa amenyoa. Macho yalikuwa mekundu, na kifuani amekumbatia kopo la biskuti.

"Shuka," alisema.

"Ondoka."

"Nitaondoka. Lakini nimekuletea mzigo wako, na safari hii wewe ndiye utanusa."

Akafungua kifuniko. Harufu ya siki ikampanda puani Bi Haraka palepale juu ya ngazi. Ndani, juu ya kitambaa cheupe, palilala kipande cha mkanda kama pima mbili, kimenyooshwa, kimesafishwa, na pembeni mwake rundo la picha ndogo zilizochapwa, mojamoja, kila hatua ya kile kipande.

Alishuka ngazi mbili mbili.

"Mkia ulikuwa umejikunja mpaka unavuta mkanda mzima," fundi alisema haraka, akiogopa atakatizwa. "Sheria ya ufundi ni kwamba chochote baada ya neno Mwisho ni mkia, na mkia ukioza unakatwa. Nikakata. Kabla ya kutupa nikaangalia picha ya kwanza kwa kioo. Kuna mwanamke ameshika kibao chenye jina la yule mwanamume, amerudisha kichwa nyuma, anacheka." Akamtazama usoni. "Anacheka kama wewe. Nikashindwa kutupa."

"Ukaweka kwenye biskuti."

"Nikaweka kwenye biskuti. Kila nikinywa chai nakitazama. Aliyenifundisha kazi alituapisha kwamba fundi akibaki na picha moja ya mteja, hata moja, afunge karakana akauze nyanya. Uliponipigia Jumatano nikajua umegundua mimi ni mwizi. Nikadanganya. Nilitaka nikuchapie ile picha, nikupe leo, nikiri mbele yako, sio kwenye simu."

"Lakini jina! Hukuona jina?"

"Zile za mbele zina jina la mwanamume. Zilizobaki ziligandana, sikuzibandua kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Juzi uliposema shangazi, ndipo nikaanza kubandua. Siku mbili, kwa mvuke na manyoya ya kuku." Akachagua picha moja rundoni, akampa. "Anageuza."

Kibao kilikuwa kimegeuzwa nusu. Picha iliyofuata, kimegeuka chote. Chaki, herufi kubwa, majina matatu. Bi Haraka aliisoma ile chaki mara nne, machozi yakamtoka bila utaratibu wowote.

"Ungeniomba tu picha yangu, wewe mtu!"

"Ningeomba ungekuwa umeshafika kona. Na wewe je? Ungeniambia ni shangazi yako, ningeokota hata vumbi lake." Alisema bila ukali, lakini alisema. "Siku kumi na tatu, Bi Haraka. Hukunipa hata neno moja la kwenu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mficha mambo haiizidi sana. "Ni kweli," Bi Haraka alisema. "Nilikuwa nakimbia. Nisamehe."

"Nisamehe na mimi."

"Wewe bado nakufikiria," akasema, ila mkono ulishamshika kiwiko, unamvuta ndani kwa mwenye jumba.

Mwenye jumba alizipanga picha zote mezani, moja baada ya nyingine. Alipofika ya kibao kilichogeuka, pipi ikasimama.

"Haya ni majina ya ukoo wako," alisema polepole.

"Ni shangazi yangu. Ulisema hapa hatuleti ndugu, ndiyo maana sikusema."

"Nilimaanisha ndugu wasiojua kazi." Akatoa leso, akajipangusa paji la uso. "Tangazo libadilishwe. Na huyo mama aletwe kwa gari yangu."

*

Saa kumi jioni hapakuwa na kiti kitupu isipokuwa viwili vya safu ya saba. Shangazi aliingia ameshikwa mkono, gauni la zambarau lenye vifungo vikubwa vyeupe, midomo imepakwa rangi nyekundu kidogo nje ya mstari. Alikataa katakata kuja mpaka mpwa wake alipomsomea majina yale matatu kwenye simu. Ndipo akauliza nani atampigia gauni pasi.

"Nakuja kuona nini na macho haya?" alinung'unika akiketi.

"Si wewe unayesema heri kufa macho kuliko kufa moyo?"

"Nilikuwa nakutisha tu utotoni, ili ule ugali wako."

Fundi alikuwa juu, chumba cha projekta. Alikuwa amekiunga kile kipande mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kupanda alimwambia Bi Haraka kwa sauti ya chini kwamba kimenywea sana, kitapita mara moja, labda, na mara ya pili hatakiahidi. Basi kwa saa moja na nusu Bi Haraka alikaa. Alikaa huku kisigino kinagonga sakafu, huku karani wa stesheni anatafuta treni yake iliyopotea, akikataa kuambiwa kwamba kilichoandikwa kitabuni ndicho kilichotokea. Alielewa kwa nini shangazi alichagua kisa kile, akauma midomo.

Neno Mwisho likatokea. Watu wakaanza kuinuka, viti vikalia, lakini taa hazikuwashwa. Skrini ikawa nyeusi. Juu, projekta ilikwaruza, ikakohoa. Bi Haraka akashika mkono wa shangazi.

Kisha akatokea. Mwanamke kijana, kitambaa kichwani, jua usoni, kibao kifuani. Waliosimama wakasimama hivyohivyo.

"Nimetokea?" shangazi alinong'ona. "Kuna mwanga. Niambie."

"Umetokea, shangazi. Umeshika kibao. Jina lake liko mbele."

"Nacheka?"

"Unacheka mpaka kichwa kiko nyuma."

"Sasa," alisema mama yule, kabla mpwa wake hajafungua mdomo, na mkono wake mkavu ukajigeuza ndani ya mkono wa Bi Haraka, taratibu, kiganja kikaja juu. "Sasa nageuza."

Kwenye skrini kibao kikageuka. Kipande kile kilikuwa cha sekunde nane, na zote hazikutimia. Projekta ilitoa mlio, picha ikatetemeka, ikakatika kwenye jina la tatu. Lakini lilikuwa limeshasomwa. Mtu mmoja wa nyuma alilitamka kwa sauti, mwingine akalirudia, na makofi yakaanza yakizunguka ukumbi. Shangazi alivua miwani yake, akafuta kioo ambacho hakikuwa na kosa.

"Wamelisoma sawasawa?"

"Yote matatu."

"Basi. Nipelekeni kwa huyo mwenye pipi. Nataka kumwuliza filamu yangu ya pili ataionyesha lini."

"Una filamu ya pili, shangazi?"

"Ninayo kichwani. Anipe mtu wa kuandika."

Mwenye jumba mwenyewe alikuja kumshika mkono. Watu wakatoka wakisukumana, ukumbi ukabaki na maganda na joto lao. Fundi alishuka ngazi za nyuma, glavu mkononi, akamkuta Bi Haraka palepale safu ya saba.

"Kimekatika," alisema kwa huzuni. "Nilikwambia mara moja tu."

"Mara moja ilitosha."

"Bi Haraka, watu wameshaondoka. Huendi? Shangazi yako anakusubiri nje, na simu yako inalia, naisikia mkobani."

Ilikuwa inalia kweli. Aliitoa, akaizima, akaitia chini ya kiti. Kisigino chake, kilichogonga sakafu tangu saa kumi, kilikuwa kimetulia. Akapiga kile kiti cha pembeni kwa kiganja.

"Lile jambo lako la Alhamisi," alisema. "Nimekaa."